Kisanduku cha kupimia chuma nyumbani, kipimo cha mate na fomu ya daktari wa familia: kipi kinajibu swali la chuma kujaa kwenye ini?

Tuanze na hukumu, maana ndiyo inayotafutwa. Kisanduku cha nyumbani kinachopima feritini (protini inayohifadhi chuma) peke yake hakistahili pesa yako ikiwa unataka kujua kama una ugonjwa wa kurithi wa chuma kujaa mwilini. Kinachopima feritini pamoja na kiwango cha transferini (protini inayosafirisha chuma) kushiba chuma, katika sampuli hiyohiyo, kinafaa kwa masharti. Fomu ya damu ya daktari wa familia, ambayo kwa aliyeandikishwa NHS, huduma ya afya ya umma, kule Uingereza ni bure, inavishinda vyote viwili mradi ijazwe sawasawa. Na hapo kwenye kujazwa ndipo penye kazi.

Tunawalenga hasa wasomaji walioko Uingereza na Ireland, kwa kuwa huko ndiko ugonjwa huu ulikojikita na huko ndiko visanduku hivi vinakouzwa kwa wingi mtandaoni. Mnunuzi wa kawaida ni mtu aliyepimwa damu kwa ajili ya presha au kolesteroli, akaletewa ujumbe kwenye simu kwamba ALT, kimeng'enya cha ini, imepanda kidogo, arudie baada ya miezi mitatu. Hajioni mgonjwa. Pengine ana uchovu usioisha, na vifundo vya kidole cha shahada na cha kati vinamuuma asubuhi. Anasoma habari za chuma na ini usiku, kesho yake ameagiza kisanduku.

Ugonjwa wenyewe huitwa hemokromatosi. Jeni ya HFE iko kwenye kromosomu ya 6 na ilitambuliwa mwaka 1996. Mtu akirithi hitilafu iitwayo C282Y kwa baba na kwa mama, ini lake hutoa kidogo mno homoni ya hepsidini, ambayo kazi yake ni kuzuia utumbo usifyonze chuma kupita mahitaji. Mwili wa binadamu hauna namna ya kukitoa chuma cha ziada. Hupoteza miligramu moja au mbili tu kwa siku kupitia ngozi na utumbo, basi. Mtu mzima wa kawaida ana takriban gramu 3 hadi 4 za chuma mwili mzima. Mwenye hemokromatosi akiachwa miaka mingi anaweza kupita gramu 20, na mzigo huo hutua kwenye ini kwanza, kisha kongosho, moyo, viungo na tezi zinazoendesha homoni za uzazi.

Kuhusu nani yumo hatarini: Ireland ndiyo inayoongoza duniani, mtu mmoja kati ya 83 ana nakala mbili za C282Y, na mmoja kati ya watano amebeba nakala moja. Utafiti mkubwa wa HEIRS uliopima karibu watu 100,000 Marekani na Kanada, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2005, ulikuta nakala mbili kwa asilimia 0.44 ya Wazungu na asilimia 0.014 ya watu weusi. Kwa hiyo msomaji ambaye wazazi wote wawili wametoka Tanga au Kisumu hana sababu ya kuanza na hemokromatosi ya HFE. Mtoto wa mama wa Mombasa na baba wa Cork, kwa kawaida, anaweza kubeba nakala moja tu kama baba anayo, na nakala moja peke yake haileti ugonjwa. Lakini mjukuu anaweza kupata mbili, na familia za namna hii sasa zipo nyingi.

Kisanduku na yanayokiharibu

Yaliyomo hayatofautiani sana kati ya muuzaji mmoja na mwingine: visindano viwili au vitatu vya kuchomea kidole vinavyofyatuka mara moja tu, kichupa cha plastiki chenye mstari wa ujazo, vitambaa vya spiriti, plasta, lebo, na bahasha iliyolipiwa. Kichupa huhitaji takriban nusu mililita, yaani matone kumi hadi kumi na tano mazito. Kwa kidole chenye baridi ya Januari hiyo ni damu nyingi.

Kosa kubwa ni kufinya. Anayekamua ncha ya kidole hupasua chembe nyekundu, na maabara hupokea kichupa ambacho ute wake umegeuka mwekundu. Chembe nyekundu zina AST, kimeng'enya kingine kinachopimwa kwa ajili ya ini, ndani yake, kwa hiyo zikipasuka AST hupanda bila ini kuwa na kosa lolote. Maabara makini hukataa kutoa AST na chuma kwa sampuli kama hiyo, ila feritini huenda ikatolewa. Damu ikipungua hutokea hivyohivyo: wanapima kinachowezekana, wanaandika "haikutosha" kwenye vilivyobaki, na wewe unabaki na nusu ya jibu kwa bei kamili. Kisanduku kizuri husema wazi kabla ya malipo kwamba sampuli ikikataliwa utatumiwa kingine bure. Kama sharti hilo halionekani kwenye ukurasa wa mauzo, usinunue.

Namna ya kupata sampuli safi: loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano, ukaushe kabisa. Simama, usikae, mkono uning'inie chini ya kiuno. Spiriti ikauke yenyewe kabla ya kuchoma, maana spiriti mbichi nayo hupasua chembe. Choma ubavuni mwa ncha ya kidole cha kati au cha pete, siyo katikati ya ncha ambako panauma zaidi na kidonda hufunga upesi. Futa tone la kwanza. Kisha sukuma taratibu kutoka kiganjani kuelekea kidoleni, achia, sukuma tena, ukiacha tone lidondoke lenyewe bila kukwangua ngozi kwa mdomo wa kichupa. Ukimaliza pindua kichupa polepole mara kadhaa kama maelekezo yanavyosema, usikitikise. Posta siku hiyohiyo, Jumatatu hadi Alhamisi, ili kisilale mwishoni mwa wiki ndani ya sanduku la posta.

Saa nayo ina maana. Chuma cha kwenye damu hupanda na kushuka ndani ya siku moja na hufuata chakula, ilhali feritini haiyumbi hivyo. Toa damu asubuhi, na ni vyema kabla ya kula. Acha vidonge vya chuma na multivitamini zenye chuma siku kadhaa kabla. Wanaomeza bayotini kwa ajili ya nywele na kucha nao wasimamishe, kwa kuwa katika baadhi ya mashine za maabara bayotini hushusha feritini kwa uongo. Kama umetoka kukimbia mbio ndefu au kubeba vyuma mazoezini, ahirisha wiki moja: misuli ina AST na ALT pia, na wapo waliopelekwa kliniki ya ini kwa ajili ya misuli yao. Na usipime ukiwa na homa au ndiyo kwanza umepona.

Feritini peke yake

Feritini ni protini inayohifadhi chuma ndani ya seli, na kiasi chake kwenye damu kwa kawaida hufuata akiba ya mwili. Shida ni kwamba hupanda pia kwa uvimbe wa aina yoyote, kwa pombe, kwa mafuta kwenye ini, kwa kisukari cha ukubwani, kwa homa ya ini, kwa kifua kikuu, kwa saratani. Walio wengi sana miongoni mwa wenye feritini ya juu hawana chuma cha kuzidi.

Transferini ndiyo inayosafirisha chuma kwenye damu. Ichukulie kama daladala: mshibo wake ni asilimia ya viti vilivyokaliwa, na kwa mtu mzima wa afya ni karibu theluthi moja. Kwenye hemokromatosi ya HFE viti hujaa mapema, hata kabla akiba haijarundikana. Mwongozo wa chama cha Ulaya cha wataalamu wa ini wa mwaka 2022 unataka uchunguzi uendelee mwanamke akiwa na mshibo unaozidi asilimia 45 na feritini inayozidi 200, na mwanamume akiwa na mshibo unaozidi asilimia 50 na feritini inayozidi 300, feritini ikihesabiwa kwa mikrogramu kwa lita.

Tuchukue mfano wa wanaume wawili, wote miaka 48, wote feritini 640. Wa kwanza chuma chake ni mikromoli 34 kwa lita na transferini gramu 2.0 kwa lita. Zidisha transferini kwa 25 upate uwezo wa kubeba, yaani 50. 34 gawanya kwa 50, mshibo ni asilimia 68. Wa pili chuma ni 14, transferini 2.4, uwezo 60, mshibo asilimia 23. Kisanduku cha feritini peke yake kingewapa watu hawa karatasi moja yenye rangi nyekundu ileile. Ukweli ni kwamba wa kwanza anahitaji kipimo cha jeni, na wa pili anahitaji kupimwa kiuno, sukari, mafuta ya damu, kuulizwa pombe na kupigwa ultrasaundi.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo linatusumbua zaidi. Msichana wa miaka 25 mwenye nakala mbili za C282Y anaweza kuwa na mshibo wa asilimia 60 na feritini 80 tu, kwa kuwa hedhi bado inamtoa chuma kila mwezi. Kisanduku cha feritini kitampa rangi ya kijani na neno "kawaida". Atakitupa, na dada yake hatapimwa.

Mshibo nao haujakamilika. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni huongeza transferini na kwa hiyo huushusha. Ini lililochoka kwa sababu yoyote hutengeneza transferini chache, na mshibo hupanda bila jeni kuhusika. Ndiyo maana majibu ya juu hurudiwa mara moja kabla ya mtu kubandikwa jina la ugonjwa.

Fomu ya daktari wa familia

Mwongozo wa chama cha Uingereza cha wataalamu wa tumbo na ini uliochapishwa mwaka 2018 unasema jambo ambalo kila mgonjwa mwenye ALT ya juu angepaswa kulijua: kurudia vipimo vilevile vya ini na kusubiri vishuke si uchunguzi. Unachotakiwa kupata ni ultrasaundi ya tumbo, antijeni ya homa ya ini B, antibodi za homa ya ini C, vipimo vya kingamwili zinazoshambulia ini, imunoglobulini, pamoja na feritini na mshibo wa transferini kwa wakati mmoja. Kwa wakati mmoja, damu ileile. Tunalisisitiza kwa sababu katika vituo vingi fomu huandikwa "chuma", maabara ikatoa feritini tu, na mshibo ukasahaulika hadi miadi ijayo.

Kwa hiyo kabla ya kuketi kwenye kiti cha kutolea damu, soma fomu. Mwambie daktari au muuguzi hivi: "Naomba feritini na transferini pamoja na mshibo wake, asubuhi, na kama ALT bado iko juu naomba vipimo vya homa ya ini B na C pia." Sentensi hiyo moja huokoa miezi. Majibu yakitoka, dai nakala yenye namba, usikubali neno "sawa" peke yake kwenye simu. Kule Ireland wengi wasio na kadi ya matibabu hulipia kumwona daktari, jambo ambalo ni sababu nyingine ya kuhakikisha fomu imekamilika mara ya kwanza.

Kitu kingine cha kujua: ALT ya kawaida haimtoi mtu kwenye hemokromatosi. Chuma huliumiza ini polepole, na vimeng'enya mara nyingi huwa vya kawaida au havifiki mara mbili ya kiwango cha juu. ALT ya 600 si tabia ya chuma. Hapo tafuta homa ya ini kali, dawa, au mitishamba. AST ikiwa mara mbili ya ALT, na chembe nyekundu zikiwa kubwa kuliko kawaida, wazia pombe kwanza.

Daktari mzuri hataishia kwenye chuma. Atakadiria kama ini limeshafanya kovu. Hesabu ya FIB-4 hutumia namba zilizoko tayari kwenye majibu: umri mara AST, gawanya kwa chembe sahani (zile za kugandisha damu) mara kipeuo cha pili cha ALT. Yule mwanamume wa kwanza, tuseme AST yake ni 52, ALT 64, chembe sahani 210. Arobaini na nane mara 52 ni 2496. Kipeuo cha 64 ni 8, mara 210 ni 1680. Jibu ni 1.49. Chini ya 1.3 kovu kubwa ni nadra, juu ya 2.67 ni la kutiliwa mkazo, na yeye yuko katikati, kwa hiyo anafaa kupelekwa FibroScan, ile mashine inayopima ugumu wa ini kwa mtetemo bila sindano. Kwa walio juu ya miaka 65 kikomo cha chini hupandishwa hadi 2.0, la sivyo wazee wote wangeonekana wagonjwa.

Feritini 1000 ni mpaka wa kukumbukwa. Mwenye hemokromatosi ya HFE aliye chini yake, ALT yake ya kawaida na ini halijavimba, uwezekano wa kuwa na sirosisi, yaani ini lililojaa kovu, ni mdogo sana. Aliye juu yake apelekwe kwa mtaalamu wa ini bila kungoja. Kisanduku cha nyumbani kinachotoa feritini 1,400 halafu kikamwambia mteja "zungumza na daktari wako unapopata nafasi" kimekosa adabu ya kazi. Vinavyompigia mteja simu siku hiyohiyo vipo, na hivyo ndivyo vya kutafuta.

Kwa wenye asili ya Afrika Mashariki

Hapa tunaomba usikivu, kwa sababu tangazo la kisanduku halitakuambia. ALT ya juu kwa mtu aliyezaliwa Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo inadai kipimo cha homa ya ini B kabla ya kitu kingine chochote. Virusi hivyo vingi hupatikana utotoni, hukaa kimya miongo kadhaa, na feritini inaweza kupanda kwa ajili yake. Kipimo ni rahisi na matibabu yapo. Baada ya hapo homa ya ini C, VVU, mafuta kwenye ini, pombe, na dawa anazotumia mtu, zikiwemo za miti shamba zinazotumwa kwa ndugu katika chupa isiyo na lebo. Miraa imepigwa marufuku Uingereza tangu mwaka 2014, lakini kuna wagonjwa walioripotiwa humo kupata uharibifu wa ini kwa kuitafuna, kwa hiyo mwambie daktari ukweli. Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria aulizie na kichocho: hicho huziba mishipa ya ini na kuvimbisha wengu huku ALT ikibaki ya kawaida.

Chuma cha kuzidi Afrika kipo, ila kwa njia nyingine. Kusini mwa bara, Afrika Kusini na Zimbabwe, kimeandikwa kwa miongo mingi kwa wanywaji wa pombe ya kienyeji iliyochachushwa kwenye mapipa na vyungu vya chuma, ambayo lita moja yake hubeba makumi ya miligramu za chuma. Utafiti wa mwaka 1992 ulionyesha kwamba si pombe pekee, kuna na urithi usiotokana na HFE. Baadaye ikatambuliwa tofauti ya jeni ya feropotini (protini inayotoa chuma nje ya seli) iitwayo Q248H, ambayo hupatikana kwa watu wa asili ya Afrika na huambatana na feritini ya juu kidogo, ingawa haielezi ugonjwa wote. Na kwa wagonjwa wa selimundu na thalasemia, Dar es Salaam, Mombasa au Maskati, chuma hutokana na mifuko ya damu wanayoongezewa: kila mfuko huingiza miligramu 200 hadi 250. Hao hawatibiwi kwa kisanduku wala kwa ushauri wa mtandaoni. Wanahitaji MRI ya kupima chuma cha ini na moyo, na dawa za kukitoa kama deferasirox.

Kabla hatujaondoka hapo: acheni kununua "dawa ya kuongeza damu" kwa sababu ya uchovu tu. Uchovu ni dalili ya upungufu wa chuma na ni dalili ya chuma kuzidi. Pima kwanza.

Kipimo cha mate

Kampuni kadhaa za vinasaba hutuma kichupa cha kutemea mate na kurudisha ripoti ya HFE. Marekani mamlaka ya chakula na dawa, FDA, iliiruhusu kampuni ya 23andMe mwaka 2017 kuwauzia watu moja kwa moja ripoti za hatari ya magonjwa, hemokromatosi ikiwemo. Ripoti za namna hii kwa kawaida husoma herufi mbili tu, C282Y na hitilafu nyingine ya HFE iitwayo H63D. Kwa mwenye asili ya kaskazini mwa Ulaya ni kipimo chenye thamani, kwa sababu walio wengi sana kati ya wagonjwa wa huko wana nakala mbili za C282Y. Kwa wengine wote, ripoti safi haimaanishi kitu kikubwa: haigusi jeni za HJV, HAMP, TFR2 wala SLC40A1, na mbili za kwanza ndizo zinazoleta ugonjwa mkali kwa vijana walio chini ya miaka 30.

Upande mwingine, ripoti huogofya wasiostahili. H63D ni ya kawaida sana; mwongozo wa Ulaya wa 2022 unakataa kuitumia peke yake kama ushahidi wa ugonjwa. Mwenye nakala mbili za H63D na feritini ya juu atafutiwe sababu nyingine. Hata nakala mbili za C282Y si hukumu: utafiti wa Australia wa mwaka 2008 ulikuta ugonjwa wa chuma kujaa kwa asilimia 28.4 ya wanaume wenye nakala hizo na asilimia 1.2 ya wanawake. Jeni huonyesha uwezekano, damu huonyesha hali ilivyo leo. Na kumbuka kwamba data ya vinasaba ni ya ukoo mzima: wizi wa mwaka 2023 ulifichua taarifa za watu takriban milioni 6.9 wa kampuni hiyohiyo. Kipimo cha hospitali kilichoagizwa na daktari hujibu swali lilelile bila kuacha jina la ukoo wako kwenye duka.

Huduma ya kupunguza damu

Tiba ni ya kale na ina nguvu: kutoa damu. Mfuko mmoja wa mililita 450 hadi 500 huondoa miligramu 200 hadi 250 za chuma. Mwenye ziada ya gramu 5 atahitaji mifuko 20 hadi 25, yaani nusu mwaka kwa mwendo wa kila wiki. Lengo ni feritini ishuke hadi karibu 50. Waingereza wengine huenda chini zaidi, 20 hadi 30. Baada ya hapo ni mfuko mmoja kila miezi michache maisha yote, feritini ikiwekwa kati ya 50 na 100.

Kliniki nzuri utaijua kwa mambo madogo. Wanapima himoglobini kabla ya kila mfuko, siyo baada. Ikishuka chini ya gramu 120 kwa lita wanapunguza mwendo, chini ya 110 wanasimamisha. Wanapima feritini kila mwezi, na kila mfuko mmoja au miwili ikishafika 200, ili wasikupitishe upande wa upungufu. Mwenye kilo 50 hawamtoi sawa na mwenye kilo 90. Kanuni inayotumika Ufaransa ni mililita 7 kwa kila kilo. Wanakunywesha nusu lita ya maji kabla na hawakuruhusu kuinuka upesi. Kliniki mbaya hukupa tarehe za mwaka mzima bila kipimo hata kimoja kati yake. Sindano ni nene, geji 16 au 17, kwa hiyo badilisha mkono kila wiki. Mwenye moyo dhaifu au mishipa isiyokubali aulize njia nyingine mapema.

Uingereza na Ireland aliyefikia hatua ya matunzo na kutimiza masharti anaweza kutoa damu hiyo kama mchangiaji, ikamfaa mgonjwa mwingine badala ya kumwagwa. Uliza, mara nyingi hakuna anayekuambia.

Tiba hii huondoa uchovu wa wengi na hulikinga ini. Viungo vya vidole havirudi vizuri, na kovu kubwa la ini likishakuwepo hubaki na hatari ya saratani, hivyo ultrasaundi kila miezi sita huendelea hata feritini ikiwa 50. Chakula hakichukui nafasi ya mfuko: mchicha na nyama kidogo havina neno, ila vidonge vya vitamini C na vya chuma viachwe, pombe ipunguzwe au iachwe, na chaza wabichi wasiliwe kabisa, kwa sababu bakteria wa Vibrio vulnificus hustawi kwenye damu yenye chuma kingi na huua haraka.

Ndugu wa tumbo moja wa mwenye nakala mbili, kila mmoja ana uwezekano wa robo, wapimwe jeni, feritini na mshibo. Kwa watoto wadogo mpime mzazi wa pili kwanza. Kama hana hitilafu, watoto watakuwa wabebaji tu na hamna haja ya sindano. Na mwenye kisukari anayetolewa damu kila wiki asitegemee HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi, kipindi hicho: chembe nyekundu zinakuwa changa, namba inashuka kwa uongo, na dawa inaweza kupunguzwa wakati sukari bado iko juu. Apime kwa kidole, au aombe kipimo kingine cha sukari, fruktosamini.